Nasaba Zilizolala Katika Majalada ya Baraza: Habari za Nyalenda

Kusini mwa mji wa Kisumu, ukielekea Dunga na ziwani, ndiko iliko Nyalenda. Mgeni apitaye huko huziona nyumba za kupangisha zimebanana ukuta kwa ukuta, wala hadhani kwamba sehemu kubwa ya ardhi ile ina wenyewe, tena wenye hati. Zamani Nyalenda ilikuwa mashamba na maboma ya Wajaluo nje ya mji. Iliingizwa katika manispaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpaka wa mji ulipopanuliwa. Tangu wakati huo thamani ya kila hatua ya ardhi imepanda, ilhali hati nyingi zingali katika jina la babu aliyefariki zamani. Mjukuu atakaye kugawa au kuuza hana budi kwenda mahakamani, na huko ataulizwa jambo ambalo baba yake hakuulizwa kamwe: Babu yako alikuwa mwana wa nani, alioa wake wangapi, na kila nyumba ilizaa watoto gani?

Wazee waliokuwa wakizihesabu nasaba kwa ulimi, kizazi juu ya kizazi, wamepungua. Aliyebaki mara nyingi ndiye mwenye kudai, na neno la mwenye kudai halitoshi. Kwa hiyo yafaa tujue ni karatasi zipi zilizohifadhi habari hizo, na tuzisomeje.

Wajaluo huwatenga watu wa aina mbili juu ya ardhi. Wako weg lowo, yaani wenye nchi, ambao mababu zao walitangulia kufika. Na wako jodak, yaani waliokaribishwa, labda kwa ukwe au kwa urafiki. Jadak aliweza kulima miaka hamsini na kuzika watoto wake hapo, lakini bado watu walijua kwamba yeye ni jadak. Kesi nyingi za zamani ziliwaka juu ya tofauti hiyo, na kwa sababu ziliwaka, ziliandikwa. Ukoo uliokaa kwa amani haukuacha karatasi nyingi.

Mwenye kutafuta na aanze na karatasi mpya kabisa, arudi nyuma. Katika ofisi ya ardhi kila kipande kina kadi ya kijani, nayo huonyesha mwenye kuandikishwa wa kwanza na mabadiliko yote yaliyofuata. Nyuma ya kadi liko daftari la uamuzi wa ardhi. Kwa Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya 1968, kamati ya wenyeji iliketi, ikasikiliza madai, ikaamua kila mpaka ni wa nani. Daftari lilipokwisha liliwekwa wazi siku 60 ili mwenye kinyongo alete pingamizi, na asiyeridhika na jibu alikuwa na siku 60 nyingine za kukata rufani kwa Waziri. Majalada ya mapingamizi hayo ni hazina. Humo mtu hueleza kwa nini jina lake limeachwa, na ndugu yake hueleza kwa nini liliachwa kwa haki.

Tukumbuke pia ubaya uliokuwamo. Chini ya Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya 1963, mahakama haikuweza kulisahihisha andikisho la kwanza hata kama lilipatikana kwa hila. Kaka mkubwa aliyeandikwa peke yake kwa niaba ya wadogo zake aliweza kugeuka na kusema kwamba ardhi ni yake peke yake. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2012, lakini jina lililoandikwa zamani lingali katika kadi. Basi jina moja katika hati si ushahidi kwamba mzee alikuwa na mwana mmoja.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi, utaingia katika mabaraza. Sheria ya Mabaraza ya Wenyeji ilitungwa mwaka 1930. Mwaka 1951 yakawekwa Mahakama ya Waafrika. Nayo yakakoma kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967. Mawakili hawakuruhusiwa kusema katika mabaraza ya wenyeji. Mdai alisimama mwenyewe mbele ya wazee, akaeleza kwa maneno yake, na karani akaandika. Mimi ni karani, nami nasema bila kuona haya kwamba kazi ya wale makarani, waliokaa siku nzima wakiandika kwa kalamu ya wino, haijapata shukrani iliyoistahili.

Katika kesi ya ardhi shahidi huanza kwa kutaja baba yake na babu yake, kisha huonyesha mahali: kaburi fulani, mti fulani, au gunda, yaani boma la kale lililohamwa. Ni habari nzuri sana, lakini isomwe kwa tahadhari. Mwenye kudai hupenda kuurefusha mnyororo wa mababu zake na kuukata ule wa mpinzani. Kwa hiyo usisome maneno ya upande mmoja. Yale ambayo wote wawili waliyakubali ingawa walikuwa maadui, hayo ndiyo ya kuaminiwa zaidi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kesi za ardhi si bora kuliko zote. Zilizo bora ni za mahari. Mabaraza yalijaa madai ya ng'ombe: binti ameacha mume, mume ataka ng'ombe zake, au ndugu wawili wagombania ng'ombe za dada. Kwa desturi ya Wajaluo mji wa mzee mwenye wake wengi una nyumba zake: mikayi ni mke mkubwa, nyachira wa pili, reru wa tatu. Ng'ombe za binti wa nyumba fulani aghalabu humwoza kaka yake wa nyumba hiyo hiyo. Basi mzee wa baraza hakuweza kuamua bila kuuliza binti huyu ni wa nyumba gani, mama yake ni nani, alitoka ukoo gani, na nani walizaliwa tumbo moja naye. Hapo wanawake hutajwa kwa majina yao, wakati hati za ardhi huwapita kimya. Mtu aliyekosa jina la bibi yake katika madaftari yote ya ardhi huenda akalikuta katika kesi ya ng'ombe sita.

Liko jambo la kumkanganya asiye Mjaluo. Mume akifa, ndugu yake aliweza kumlinda mjane kwa desturi ya ter, na watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa ni wa marehemu. Karatasi ikisema mtu ni mwana wa fulani aliyekufa miaka mitano kabla hajazaliwa, usidhani karani alilewa. Ameandika kwa haki, kwa hesabu ya ukoo.

Majina yenyewe yana mitego. Wangapi huitwa Otieno kwa kuwa walizaliwa usiku, au Okoth kwa kuwa mvua ilinyesha? Jina peke yake si kitu. Litafute pamoja na jina la baba, la lokesheni, na la ukoo. Karani mmoja aliandika Odhiambo, mwingine Odiambo. Tena mtu akibatizwa alipata jina la tatu, na huenda ndilo pekee aliloandikiwa kazini. Hapo daftari la ubatizo la misheni, kama ile ya Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906, huunganisha majina mawili ya mtu mmoja.

Vitabu vya kazi navyo vina habari. Kipande kiliamriwa kwa sheria ya 1915 na kikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilitaja jina, kabila, wilaya, na mabwana ambao mtu aliwatumikia. Watumishi wa nyumbani walikuwa na kitabu chao kwa sheria ya 1928. Kimoja kimejulikana ulimwenguni: kile cha Hussein Onyango Obama wa Alego. Mjukuu wake, Barack Obama, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alionyeshwa kitabu hicho alipozuru Kenya miaka ya 1980, akakieleza katika Dreams from My Father, kilichotolewa mwaka 1995. Kilitaja umri, kimo, na maoni ya mabwana, mengine ya sifa, mengine ya kuvunja moyo. Familia ilikuwa imekitunza kwa miaka mingi, na pengine hata kwako kiko kama hicho sandukuni.

Ama mwenye kutafuta habari za kabla ya 1902, na ajue kwamba Kisumu haikuwa katika Kenya ya leo. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, nao ulikuwa katika Provinsi ya Mashariki ya Uganda. Mwaka 1902 nchi hiyo ikahamishiwa Afrika ya Mashariki ya Kiingereza. Kwa hiyo barua za mwanzo kabisa ziliandikwa kwenda Entebbe, si Nairobi.

Turudi mahakamani. Sheria ya Urithi ilianza kazi tarehe 1 Julai 1981, na tarehe hiyo ina uzito mkubwa. Mtu aliyefariki kabla yake, mali yake hugawanywa kwa sheria na desturi za siku aliyokufa, ingawa usimamizi wa mirathi hufuata sheria mpya. Basi mjukuu wa mzee aliyekufa mwaka 1965 hulazimika kuthibitisha nyumba za babu yake kama baraza la zamani lilivyozitaka. Kwa aliyekufa baadaye bila wasia akiwa na wake wengi, sheria yenyewe hugawa kwanza kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na mjane aliye hai. Ukiificha nyumba ya reru, umeharibu hesabu yote.

Nguvu ya nasaba mahakamani ilionekana katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe kwao. Mashahidi walieleza desturi na udugu, hata akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Wengine hawakuipenda hukumu ile, lakini yaliyoandikwa katika kesi hiyo ni kitabu kikubwa cha desturi za Wajaluo.

Mabinti nao wasisahauliwe. Mwaka 2005, katika kesi ya mirathi ya Rono, Mahakama ya Rufani iliwapa mabinti haki ya kurithi pamoja na wana, na Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi kwa sababu ya mume au mke. Bado zaletwa mahakamani orodha zenye wana tu, kana kwamba mzee hakuzaa wasichana.

Mwenye kuanza kazi hii na aende na majina yaliyoandikwa kwa namna zote anazozijua. Majalada ya serikali ya Provinsi ya Nyanza yamo katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, chini ya herufi PC/NZA, na iko ofisi yake Kisumu. Kesi ya baraza ikikosekana, tafuta rufani yake, kwa kuwa rufani zilipanda kwa Bwana D.C. na nakala zikabaki huko. Kisha uchukue barua ya chifu yenye majina ya wote walioachwa na marehemu: wajane, watoto wa kiume na wa kike walioolewa na wasioolewa, na watoto wa mtoto aliyekwisha kufa. Tangazo litatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 30 huhesabiwa tangu hapo kwa mwenye pingamizi. Lakini hata siku hizo zikipita na hati ikatolewa, mahakama ina uwezo wa kuifuta ikigundua kwamba jina la mtu lilifichwa.