Pwani Isiyo na Watu: Uhakiki wa Daftari la Wageni

Katika semina yetu ya nadharia ya fasihi niliwahi kusema kwamba masimulizi ya mtalii aliyerudi kutoka ufukweni ni utanzu kamili, wenye fani yake na maudhui yake, na kwamba unastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya. Nilichekwa. Jamaa mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama wiki ijayo tutahakiki na risiti za hoteli. Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa lazima nikiri mapema kwamba mimi mwenyewe sikutoka salama katika uhakiki huu, kama msomaji atakavyoona.

Matini ninayoizungumzia ni daftari la wageni. Nililikuta katika nyumba ndogo ya kulala wageni kwenye Kisiwa cha Msumbiji, ambacho Wareno walikiita Ilha de Moçambique na wenyeji wanakiita Omuhipiti. Nilikwenda huko wakati wa likizo: ndege hadi Nampula, kisha chapa, ndiyo daladala ya kwao, mwendo wa kilomita kama 180 hadi kwenye daraja jembamba linalovuka bahari kwa zaidi ya kilomita 3. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita kama 3 tu, na upana wake hata nusu kilomita haufiki. Hata hivyo kilikuwa makao makuu ya utawala wa Wareno hadi mwaka 1898, na jina la nchi nzima limetoka hapo. Tangu 1991 kimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Upande wa kaskazini kuna mji wa mawe, na kwenye ncha yake ngome ya São Sebastião ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1558. Upande wa kusini kuna mji wa makuti. Wageni katika daftari wanaliandika neno hilo kwa mkazo, *macuti*, kama kwamba ni siri waliyofunuliwa. Mimi niliposhuka nikaona makuti, basi, ni makuti. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mji huo wa kusini uko chini kuliko barabara zake kwa sababu mawe ya kujengea mji wa kaskazini yalichimbwa papo hapo. Mvua ikinyesha maji yanatuama kwenye lile shimo ambalo watu wanaishi ndani yake. Wageni wengi wanausifu mji wa mawe kwa uzuri wake, nao ni mzuri kweli. Shimo halimo daftarini.

Sasa tuje kwenye fani. Nilisoma daftari lile kwa siku nne, Kiingereza kwa urahisi, Kireno kwa kubahatisha na kamusi. Waandishi wake ni wa kila aina: wanandoa wapya, wapiga mbizi, wazee wa Afrika Kusini waliokuja kwa magari yao, vijana wa Ulaya wenye mabegi mgongoni. Lakini msuko ni mmoja. Msimulizi anafika amechoshwa na mji. Anavuka maji. Anavua viatu. Hapo saa yake inasimama, au simu inakosa mtandao, naye anashukuru. Mchanga ni mweupe, bahari ina rangi ambayo kalamu imeshindwa kuieleza, na ufukwe, hili ndilo kubwa, hauna mtu hata mmoja. Unafuata mlolongo wa samaki na kamba wa kuchoma. Mwisho kuna huzuni ya kuondoka na ahadi ya kurudi. Ni msuko wa moja kwa moja usiokuwa na mgogoro, na sisi tumefundishwa kwamba kazi isiyo na mgogoro haisimami. Hii inasimama. Inasimamishwa na nini?

Naona inasimamishwa na kauli ya kutendwa. Katika daftari lile kamba wanaletwa, vitanda vinatandikwa, mashua inaandaliwa. Nani ameleta, nani ametandika? Mtenda kazi amefutwa na sarufi. Akitokea, anatokea kama tabasamu: watu wa hapa wana tabasamu, wanaandika, na tabasamu hilo halina mdomo wala meno yanayouma. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika kwamba ufukwe ulikuwa mtupu huku akieleza jinsi alivyoletewa dafu pale pale.

Wenzangu wengine watasema haya ni matokeo ya utalii wa siku hizi. Sikubaliani nao. Kwenye kisiwa hichohicho kuna sanamu ya Luís de Camões, mshairi wa Kireno aliyekwama pale kati ya miaka ya 1567 na 1569 hivi akirudi kutoka India, fukara kiasi kwamba aliishi kwa kulishwa na marafiki. Utendi wake mkubwa, *Os Lusíadas*, ulichapishwa mwaka 1572, nao una visiwa viwili ambavyo mwanafunzi wa fasihi hawezi kuvipita. Katika wimbo wa kwanza Vasco da Gama anafika Kisiwa cha Msumbiji, na kisiwa kina wenyewe: Waislamu wenye mavazi, silaha, dini na hila zao. Wana akili kiasi cha kuwa hatari, kwa hiyo mtunzi anawafanya wabaya. Katika wimbo wa tisa kuna kisiwa kingine kabisa ambacho Venus amewaandalia mabaharia kama zawadi. Matunda yananing'inia, maji ni safi, na wakazi wake ni wanawake wa kimiujiza ambao kazi yao ni kumsubiri msafiri. Kisiwa cha kwanza kina watu na ugomvi. Cha pili kina huduma. Daftari la wageni limekichukua kisiwa cha pili na kukilaza juu ya cha kwanza, kama mtu anayetandika shuka safi juu ya kitanda chenye mtu aliyelala. Mtunzi mwenyewe alionja njaa kwenye kisiwa cha kweli, na labda ndiye angekuwa wa mwisho kushangaa kwamba watu huota kisiwa cha bure.

Utupu wa pwani una historia. Kusini mwa Afrika haukuletwa na mawimbi. Afrika Kusini ilitunga mwaka 1953 sheria ya kutenga huduma za umma kwa rangi, ambayo baadaye ilifikishwa hadi ufukweni, mabango yakasimikwa mchangani. Mwaka 1989 Askofu Mkuu Desmond Tutu na waandamanaji walipokwenda kwenye fukwe za Wazungu karibu na Cape Town walikuta polisi na mbwa. Sheria ilifutwa 1990. Kwa hiyo yule mzee anayeandika daftarini kwamba pwani ya Msumbiji inamkumbusha fukwe tulivu za utoto wake anasema kweli, ila hajatuambia utulivu ule ulilindwa na nani. Msumbiji nayo ilikuwa mahali pa likizo pa Wazungu wa Afrika Kusini na Rhodesia hadi uhuru wa 1975. Halafu vita vikaja, vikadumu hadi mkataba wa Roma wa Oktoba 1992. Baada ya hapo pwani ikaanza kusifiwa upya kuwa haijaguswa. Haijaguswa! Nchi iliyotegwa mabomu ya ardhini.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Daftari lina kurasa nzuri, na iliyo nzuri kuliko zote ni ya mtu ambaye likizo yake iliharibika. Alikodi mashua kwenda bara, akachelewa kuondoka kwa sababu alikuwa anapiga picha, na nahodha alikuwa amemwonya kwamba ni bamvua, maji yanapwa mbali. Hakusikia. Wakakwama kwenye matope ya mikoko saa nyingi wakisubiri maji yajae. Katika ukurasa huo tu nahodha ana jina, ana hasira, ana mke anayemngoja, ana maoni yake kuhusu bei ya injini. Wanagombana, wanagawana mkate, wananyamaza, wanagombana tena. Likizo ilipokwenda sawa nahodha alikuwa sehemu ya mandhari. Ilipovunjika akawa mhusika. Nadhani hii ni kanuni ya utanzu mzima, na ningependa wenzangu waijaribu kwenye matini nyingine.

Mtu aliyesoma *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokihariri Carl Velten mwaka 1901, ataona nini ninachomaanisha. Safari zile zimejaa watu: machifu wanaodai hongo, bei ya vitambaa, ugomvi wa njiani, nani alikubali na nani alikataa. Msafiri anayehitaji ruhusa ya mwenyeji hana budi kumjua mwenyeji. Mtalii amekwisha kulipia ruhusa yake mbali, kabla hajafika. Lakini tusijisifu haraka. Wapagazi wa misafara ile nao wengi hawana majina. Sisi pia tuna kauli yetu ya kutendwa.

Na hapa ndipo niliponaswa. Nyumba ile ilikuwa na mama mmoja aliyefanya usafi na kupika. Alitoka pwani ya Cabo Delgado, upande wa Mocímboa da Praia, mji ulioshambuliwa kwanza Oktoba 2017 na kutekwa Agosti 2020. Lugha yake Kimwani, jirani kabisa wa Kiswahili chetu, na Kiswahili chenyewe alikijua, kwa hiyo tulizungumza bila taabu. Asubuhi ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, humo ndani unasoma nini kila siku?"

"Habari za wageni, mama."

"Nisomee."

Nikamfasiria ukurasa wa mtu aliyetembelea visiwa vya Quirimbas kabla ya vita: safari ya tanga, kulala mchangani chini ya nyota, kuamka alfajiri kwenye kijiji kilicho kimya kabisa. Nilidhani atafurahi kusikia habari za kwao. Alikuwa anamenya mhogo; akasimamisha kisu.

"Kimya alfajiri? Adhana iko wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Na jogoo? Na watoto? Kijiji cha pwani hakinyamazi alfajiri." Akaendelea kumenya. "Sisi tulipotoroka tulipita kisiwa kimoja usiku, tukataka kushuka tupate maji. Tukasikiliza. Kimya. Tukarudi kwenye mashua, tukaenda zetu."

Nimehudhuria mihadhara mingi kuhusu taswira, na sijasikia mtu akiihakiki taswira kwa ufupi kama huo. Mashua ileile, tanga lilelile, nyota zilezile, kisiwa kilekile pengine. Mtalii akikuta kimya anavua viatu. Mkimbizi akikuta kimya anarudi majini. Kwa mmoja kimya ni burudani, kwa mwingine ni habari. Na mwenye haki ya kutafsiri ni nani, kama si yule anayejua sauti gani imekosekana?

Kisha akataka nimsomee nilichoandika mimi. Maana nilikuwa nimeandika, usiku wa kwanza, mimi mhakiki, kwa Kiswahili sanifu. Niliandika kwamba kisiwa kimetulia kama wakati umesimama, na kwamba usiku kucha sikusikia kitu isipokuwa mawimbi. Nilimsomea kwa sauti ndogo.

Akacheka, si kwa ubaya. "Usiku ule mimi nilikuwa nachota maji hapo chini ya dirisha lako mpaka karibu na alfajiri. Pipa lilikuwa tupu na ninyi wageni mlikuwa sita. Ulilala vizuri."

Na kweli nilikuwa nimesikia ndoo. Nilipojikumbusha, nilikuwa nimeisikia: chuma kikigonga jiwe, mara nyingi. Lakini nilipokalia daftari mkono uliandika mawimbi. Hakuna aliyenilazimisha, wala sikuwa na dola mfukoni wala kofia ya majani kichwani. Utanzu una nguvu ya namna hiyo, ndugu zangu. Unakupa sentensi kabla hujasikiliza. Kila tunapomlaumu mwandishi kwa itikadi yake tunasahau kuuliza ni sentensi ngapi alizikuta tayari zimeandikwa na waliomtangulia kwenye daftari.

Nikachukua kalamu nisahihishe. Nikamwambia nitaandika upya, niweke na jina lake, kwa sababu nadharia yangu yote, kama mlivyoona, ilikuwa imeegemea majina. Nahodha ana jina, basi mama naye apate.

"Jina langu usiandike," akasema.

Nikamweleza kwamba ni kwa heshima. Akaniambia daftari hili linasomwa na kila anayekuja, naye ana ndugu ambao hajui wako upande gani. Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Sijui nifanyeje na hilo kinadharia. Nilikuwa nimezoea kulihesabu jina lililokosekana kama kosa la mwandishi, na hapa mhusika mwenyewe ndiye aliyelifuta. Labda jamaa wa nyuma kwenye semina ana jibu.

Niliacha ukurasa wangu wa kwanza kama ulivyo, na chini yake nikaandika tarehe, kwamba nyumba ina kisima chini ya dirisha la chumba cha pili, na kwamba ndoo ziko mbili, moja imetoboka.