Wingu la Radi Lisiloshusha Mvua: Kwa Nini Milima ya Magharibi ya Marekani Huungua Majira ya Joto



 

Sisi watu wa visiwani tukiliona wingu jeusi linapanda hufurahi. Mkulima wa mpunga huliangalia kwa matumaini, na mama mwenye pipa tupu hukimbilia kuweka ndoo chini ya mchirizi wa bati. Ndiyo maana mzazi mwenye mtoto Arizona au Colorado hustaajabu akisikia kwamba kule kumetangazwa hatari ya moto wa msituni, na siku hiyo hiyo kumetabiriwa radi na ngurumo. Huuliza: vipi moto na mvua vitajwe pamoja? Si mvua ndiyo inayozima moto?

Suali hili ni la haki, na kutolijua jibu lake kunaweza kumgharimu mtu roho yake. Basi tulieleze hatua kwa hatua.

Mvua inayokauka hewani

Katika Arizona na New Mexico, miezi ya Mei na Juni ni mikavu sana. Majani huwa kama karatasi, na matawi ya misonobari yaliyoanguka huwa kuni tayari. Kufikia Julai, pepo huanza kuleta unyevu kutoka baharini upande wa kusini. Wenyewe huuita wakati huo monsuni, jina lililotokana na neno la Kiarabu "mawsim", ambalo sisi tumelichukua tukasema "msimu".

Mchana jua hupasha miteremko ya milima, na hewa ya moto hupanda. Adhuhuri mawingu huanza kujikusanya juu ya vilele, na alasiri hunguruma. Lakini mwanzoni mwa msimu hewa ya chini bado ni kavu, na wingu lenyewe liko juu mno. Mvua huanza kunyesha kutoka winguni, kisha hukauka njiani kabla ya kugusa ardhi. Ukitazama kwa mbali utaiona imening'inia chini ya wingu kama pazia lililokatwa nusu.

Mvua haifiki, lakini radi inafika. Tena radi inaweza kupiga kilomita 16 hivi kutoka mahali mvua inaponyesha. Ikipiga mti mkavu, moto unaweza kujificha ndani ya gogo au chini ya majani yaliyooza kwa siku kadhaa bila ya kuonekana, mpaka upepo uje kuuamsha.

Upepo unatoka wapi?

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na wengi hawapajui. Maji yanapokauka huchukua joto. Kila aliyekunywa maji ya mtungi wa udongo anaujua ubaridi wake: mtungi hutoka jasho, jasho hukauka, na maji yaliyomo hupoa. Hali ni hiyo hiyo chini ya wingu. Mvua inayokauka hewani huipoza hewa, hewa iliyopoa huwa nzito, na kitu kizito huanguka. Ikifika chini haina pa kwenda ila kutawanyika pande zote, mfano wa ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni.

Upepo huo unaweza kupita kilomita 80 kwa saa, na unaweza kusafiri makumi ya kilomita kutoka kwenye wingu lililouzaa. Na sisi tunao wa namna hiyo: ule upepo wa baridi unaotangulia mvua, unaobamiza milango na kupeperusha nguo kambani. Huku kwetu mara nyingi nyuma yake inakuja mvua. Kule unaweza kufika peke yake, ukaukuta moto unawaka.

Yaliyotokea Yarnell mwaka 2013

Tarehe 28 Juni 2013 radi ilipiga mlimani karibu na mji mdogo wa Yarnell, Arizona. Moto ulioanza ulikuwa mdogo sana. Siku mbili baadaye, tarehe 30 Juni, ulikuwa umekua na kusukumwa upande mmoja, na wazimamoto wa kikosi cha Granite Mountain Hotshots walikuwa mlimani wakifanya kazi pembeni mwake. Kikosi hicho kilikuwa cha watu waliofunzwa vizuri na waliozoea milima.

Alasiri hiyo mawingu ya radi yalikusanyika kaskazini mashariki. Upepo wake uliposhuka na kufika, moto uligeuka, ukaelekea kusini kwa kasi. Watu 19 wa kikosi hicho walikuwa wameondoka sehemu iliyokwisha kuungua, wakishuka bondeni lenye vichaka. Moto uliwaziba njia, na wote 19 walifariki. Aliyenusurika katika kikosi siku hiyo ni mmoja tu, ambaye alikuwa amewekwa mahali pengine kuangalia mwenendo wa moto.

Tukio hili linatufundisha kuwa moto unaokwenda kulia saa 9 unaweza kuwa unakwenda kushoto saa 10, na sababu yake ikawa ni wingu lililo mbali.

Mlima nao huuongeza

Moto hupanda mlima mbio kuliko unavyotambaa uwandani, kwa sababu ndimi zake huinamia miti iliyo juu na kuikausha kabla ya kuifikia. Kanuni wanayoitumia wazimamoto ni kuwa kila mteremko ukizidi nyuzi 10, kasi ya moto hukaribia kuongezeka mara mbili. Na bonde jembamba huupuliza moto kama kipepeo kinavyopuliza makaa ya seredani. Kwa hiyo nyumba ya juu ya kilima, yenye mandhari nzuri, ndiyo iliyo katika hatari zaidi moto ukianzia chini.

Na mvua ikija kweli?

Hata hapo tahadhari haijesha. Mwezi Juni 2010 moto ulioitwa Schultz uliunguza miteremko iliyo juu ya Flagstaff, Arizona. Ardhi iliyoungua sana hainywi maji vizuri, na mizizi na majani ya kuyazuia huwa hayapo tena. Tarehe 20 Julai mwaka huo huo, mvua kubwa ilishuka juu ya miteremko hiyo, mafuriko yakateremka na matope na mawe, na msichana wa miaka 12 akafariki. Moto ulikuwa umekwisha, lakini athari yake ilibaki.

Wasia kwa walio na jamaa huko

Mwambieni mwanenu mambo haya:

1. Idara ya hali ya hewa ikitangaza "onyo la bendera nyekundu", asiwashe moto wa nje kabisa, wala asiegeshe gari juu ya majani makavu.

2. Akisikia ngurumo, aingie ndani ya nyumba au gari lililofungwa, na akae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

3. Akiona moshi kwa mbali upande wa pili wa upepo, asijipe matumaini kuwa hautamfikia. Aangalie na mawingu pia.

4. Pasi, dawa na hati muhimu viwe katika mkoba mmoja, na gari liwe na mafuta.

5. Akiamrishwa kuhama, ahame hapo hapo. Asingoje kuuona moto kwa macho.

Wapo wanaouliza: je, kukimbia si uchache wa tawakkul? La. Kuchukua sababu hakupingani na kumtegemea Allaah, na kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia. Amri ya kuhama ikija wakati wa Ijumaa, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameitaja khofu juu ya nafsi au mali kuwa ni udhuru wa kuacha Ijumaa na jamaa. Ataswali Adhuhuri yake pale atakapokuwa katika amani.

Nanyi mlioko hapa, msimpigie simu kumwambia "ngoja kwanza uone". Mwambieni atoke, kisha mumuombee dua.

Tunamuomba Allaah awahifadhi jamaa zetu popote walipo, na awape subira wote waliofiwa na kuunguliwa. Aamiin.