Uchungu Unaopotea Daraja Mbili

Alhamisi, siku ya soko, magunia ya mboga ya chinsaga huwa yamekwisha kufunguliwa kwenye soko la Daraja Mbili kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Kisii. Harufu yake humtangulia muuzaji: kali, kama haradali iliyopondwa. Mteja wa mjini huinama, akachuma ncha ya jani, akaitafuna. Akishauliza bei, swali linalofuata halibadiliki: chungu sana?

Makala za kuhifadhi viumbe kwa kawaida huanzia kwingine: misitu ya Kakamega na Arabuko-Sokoke, vilima vya Taita. Kuna sababu. Mwingereza Norman Myers, aliyekuja Kenya mwaka 1958 kama ofisa wa wilaya wa serikali ya kikoloni, ndiye aliyetoa hoja mwaka 1988 kwamba fedha za uhifadhi, kwa kuwa ni chache, zipelekwe kwanza kwenye maeneo machache yenye viumbe vingi vilivyo hatarini. Leo maeneo hayo ni 36. Ili liorodheshwe, eneo lazima liwe na mimea isiyopungua 1,500 isiyoota mahali pengine duniani, na liwe limekwisha kupoteza angalau asilimia 70 ya uoto wake wa asili. Milima inayoanzia Saudi Arabia na Yemen hadi Zimbabwe ni mojawapo. Misitu ya pwani yetu ni nyingine.

Hilo sharti la kupoteza, Gusii, yaani nchi hii ya Kisii, imelitimiza bila kutoka jasho. Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, ilhali wastani wa nchi nzima ni 82. Msitu umebaki vipande vipande vilimani. Mabonde yaliyokuwa na majimaji yamepandwa mikaratusi, miti ambayo hayati John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru ing'olewe kandokando ya mito, na bado unaiona. Mwenye kutafuta utajiri wa viumbe hapa kwa darubini ya mtalii atarudi mikono mitupu. Afadhali ainame kwenye magunia.

Humo kuna chinsaga, ambayo Waswahili huiita mgagani, Wajaluo dek, na Nairobi nzima saga. Kuna rinagu, yaani mnavu au managu. Kuna risosa, majani ya maboga. Kuna enderema inayotambaa kwenye ua, na mrenda unaoteleza kooni. Wataalamu huhesabu mimea ipatayo 200 ambayo Wakenya huila kama mboga za majani, mingi ikiwa bado inajiotea yenyewe. Linganisha na hesabu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2019: kati ya mimea kama 6,000 inayolimwa duniani kwa chakula, tisa tu ndiyo inayotoa asilimia 66 ya mavuno yote.

Kwa miaka mingi mboga hizi ziliitwa magugu, au chakula cha maskini. Shuleni tulifundishwa kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ni miongoni mwa waliobadilisha mambo. Yeye alianza kuzila utotoni kwa sababu mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, kisha akafanya kuzichunguza kuwa kazi ya maisha. Mwaka 2021 UNESCO ikaitambua kazi ya Kenya ya kurudisha vyakula vya asili mezani kama mfano wa kuigwa. Leo saga iko kwenye rafu za supamaketi, na hakuna anayeona haya kuinunua.

Lakini soko lililoziokoa mboga hizi ndilo linalozipunguza, na jambo hili naona halizungumzwi vya kutosha. Rinagu si mmea mmoja. Ipo ya majani madogo, Solanum villosum, yenye vitunda vya rangi ya machungwa na uchungu wa kukunja uso. Ipo ya majani mapana kama kiganja, Solanum scabrum, yenye matunda ya zambarau, isiyo chungu sana na inayojaza gunia haraka. Ungekuwa wewe ndiye unayelipia nauli ya gunia, ungepanda ipi? Chinsaga nayo ina ya shina la kijani na ya shina la zambarau. Mkulima mwenye robo ekari hana nafasi ya kulima kumbukumbu. Hupanda inayouzika, na mbegu ile nyingine asipoivuna misimu michache, imekwenda.

Uchungu wenyewe ni silaha ya mmea. Chinsaga iko kwenye ukoo mpana mmoja na kabichi na sukuma wiki, na kama hizo hubeba kemikali zenye salfa ambazo jani likipondwa hugeuka kuwa mvuke mkali wa kufukuza wadudu. Mapema miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, walionyesha kwamba majani yake hufukuza, hata kuua, kupe wanaosumbua ng'ombe. Tukichagua kila msimu mmea usio chungu, huenda tunachagua pia mmea usiojua kujitetea, kisha tunakwenda dukani kuununulia dawa ya kunyunyiza.

Jikoni Mgusii alitatua suala la uchungu bila kubadili mbegu. Chinsaga huchemshwa, kisha hutiwa maziwa na kulazwa, ikapashwa tena kesho yake. Maziwa hupoza ukali, na mafuta yake husaidia mwili kufyonza karotini inayotengeneza vitamini A. Ila kumwaga maji ya kuchemshia humwaga pia sehemu kubwa ya vitamini C, na hiyo ndiyo inayosaidia madini ya chuma ya mboga kuingia mwilini. Kwa hiyo maji yawe machache, na kipande cha chungwa baada ya mlo kina kazi. Chai, kwa kuwa huzuia chuma hicho, isubiri saa moja, hasa kwa mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu. Najua hili ni gumu kulisema katika nchi ya majani chai. Matunda mabichi ya rinagu yasiliwe, yana sumu. Na mboga isioshwe kwa maji ya Nyakomisaro, mto unaopita mjini Kisii na kubeba taka zake.

Mbegu ya chinsaga ina ukaidi wake. Ukiivuna leo na kuipanda kesho, nyingi hazitaota. Hulala miezi kadhaa kwanza, na mahali pakavu penye joto huharakisha kuamka kwake. Bibi aliyetundika kibuyu cha mbegu juu ya meko hakusoma fiziolojia ya mimea, lakini meko yake yalifanya kazi hiyo hiyo. Benki ya taifa ya jeni iliyoko Muguga, iliyoanza 1988, huhifadhi mbegu kwa njia ya baridi kali. Kule mbegu hubaki kama ilivyokuwa siku ilipoingia. Shambani huendelea kubadilika pamoja na mvua na wadudu. Tunazihitaji zote mbili.

Kwa muda mrefu sheria ilimtisha huyo bibi. Kuuza au kubadilishana mbegu isiyosajiliwa kungeweza kumtia mkulima jela miaka miwili au faini ya shilingi milioni moja. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba.

Kwenye soko kama hili mbegu huuzwa pembeni, mbali na kelele za magunia, kwenye vitambaa vilivyotandazwa chini. Ni chembe nyeusi ndogo kuliko ulezi, zinazopimwa kwa kizibo cha soda. Ukitaka kujua ni za shina gani, itabidi umuulize muuzaji, kwa maana zikiwa mbegu zote hufanana.