Je, Wajua? Pampu mbovu ya petroli huharibu hata oili

Pampu ya petroli ya Volkswagen Beetle ya zamani haina waya hata mmoja. Imefungwa kwenye injini, na ndani yake mna kiwambo laini. Injini inapozunguka husukuma kijiti cha chuma, kiwambo kikacheza juu na chini, na petroli ikavutwa kutoka tangi la mbele hadi kwenye kabureta iliyo nyuma.

Kiwambo kikichanika, gari hukosa nguvu mlimani. Hilo dereva huliona haraka. Asiloliona ni petroli inayopenya kimyakimya na kuchanganyika na oili. Kwa hiyo chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Kikinuka petroli, usiwashe gari tena, kwani oili iliyopunguzwa uzito hailindi beringi. Badilisha pampu, umwage na oili.

Usikubali pampu ya umeme ya gari la EFI (lisilotumia kabureta) ifungwe badala yake. Kabureta inataka presha ndogo mno; ya EFI itaifurikisha, na petroli ikimwagikia injini ya moto, gari laweza kuungua.

Fundi azingatie pia gaskiti za chini ya pampu. Zikiwa nene kupita kiasi, petroli haitoshi. Zikiwa nyembamba, kiwambo husukumwa mno na kuchanika mapema. Na kabla ya kung'oa kitako cha plastiki kilicho chini ya pampu, achomoe kwanza kile kijiti cha chuma kinachosukuma kiwambo. Kikitumbukia ndani, huenda ikabidi injini ifunguliwe.