Michezo ya Theluji (3): Kutoka Buti Laini Hadi Buti Gumu

Msomaji wa Mvumi Misheni ameuliza: ikiwa wengi wanaoteleza kwa ubao wa theluji huvaa buti laini, tena linatembeleka vizuri, mtu analiacha kwa nini na kwenda kujibana kwenye plastiki? Swali zuri, hasa likitoka Chamwino, ambako theluji tunaiona kwenye televisheni tu.

Jibu liko kwenye kifundo cha mguu. Ubao hukata kona kwa ukingo wake wa chuma, na ukingo huuma theluji pale mtelezaji anapoulaza ubao ubavu kwa kusukuma muundi mbele au kuegemea visigino. Ndani ya buti laini kifundo hukunjika, buti lenyewe hubonyea, mikanda ya kifungio nayo hunyumbuka. Nguvu nyingine imeishia njiani. Ni sawa na kulimia jembe lenye mpini uliolegea. Buti gumu lina gamba la plastiki, na soli yake hubanwa mbele na nyuma kwenye bamba lililokazwa kwa skrubu ubaoni. Goti likisogea, ukingo umeshasogea.

Taabu ya anayehama huanzia hapo. Kwenye buti laini wengi husimama kiubavu, vidole vya mguu wa nyuma vikielekea nyuma kidogo. Ubao wa buti gumu ni mwembamba, kwa hiyo miguu yote miwili huelekezwa mbele, mara nyingi nyuzi 50 na kuendelea, vidole na visigino visije vikakwaruza theluji. Kifua nacho hugeukia mbele. Na kwa kuwa kifundo kimefungwa, kazi ya kupokea mishtuko huhamia magotini na nyongani. Asiyekunja magoti hurushwa na tuta la kwanza. Wengi hapo hukaza vishikizo zaidi. Afadhali kuvilegeza kidogo, mwili uzoee kwanza.

Hata kwenye skii kuna viatu vyepesi na buti gumu, na Afrika Mashariki ina watu wa pande zote mbili. Philip Boit, mwanariadha wa Kenya aliyehamia skii, alishindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, kwa viatu vyepesi vinavyoacha kisigino kinyanyuke. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini ampongeze. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, yeye alichagua miteremko na buti gumu. Februari 2018, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, alishuka katika mbio zile zile za super-G alizoshinda Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech kwa sekunde 0.01. Wiki moja baadaye Ledecká akatwaa dhahabu nyingine, safari hii kwa ubao.

Watangazaji walipigwa na butwaa. Mimi si sana: hata ubaoni Ledecká huvaa buti gumu, na magoti yake yalikwishazoea kuuongoza ukingo bila msaada wa kifundo. Kilicho kigumu, nadhani, ni kule kusimama; kwenye skii miguu huenda sambamba, ubaoni lazima mmoja utangulie.

Wiki ijayo: upana wa ubao, na namna ya kupima mguu kabla ya kuuchagua.