Mbwa, sungura na sheria: anachopaswa kujua mfugaji wa Mikindani

MKAZI wa Mikindani anayefuga mbwa wawili watatu kwa ajili ya ulinzi huenda siku moja akashawishika kuwapeleka porini wamkimbize sungura. Yeye huuona kuwa mchezo tu, na kitoweo kikipatikana ni bahati. Kwa mujibu wa sheria za Kenya, hata hivyo, mtu huyo amewinda, na amefanya kosa hata kama windo lenyewe halizidi jogoo kwa uzito.

Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliendeleza katazo hilo na kutamka waziwazi kwamba hata kuwinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani ni kosa, linaloadhibiwa kwa faini au kifungo. Kinachoruhusiwa kwa leseni ni kupiga baadhi ya ndege wa porini. Sungura hakupewa nafasi hiyo.

Neno lenyewe, sungura, huwatatiza wengi. Yule anayefugwa katika vibanda asili yake ni Ulaya, na mwenyewe ana hiari ya kumchinja au kumuuza. Sungura wa porini, ambaye katika pwani huitwa pia kitungule, ni mnyama mwingine kabisa. Wa kufugwa huzaa watoto wasio na manyoya, waliofumba macho, na asili yake ni kuishi katika mashimo. Wa porini hachimbi shimo. Watoto wake huzaliwa juu ya ardhi wakiwa na manyoya na macho wazi. Mchana hujilaza kimya ndani ya majani, akatoka mbio pale tu adui anapokaribia kumkanyaga.

Tabia hiyo ndiyo iliyozaa ufundi wa mbwa. Wako mbwa wa macho, wembamba na wenye miguu mirefu, ambao humkimbiza mnyama maadamu wanamwona. Wako pia mbwa wa pua, kama vile beagle wa Uingereza, ambao hufuata harufu polepole huku wakibweka. Sungura anayefuatwa na mbwa wa pua kwa kawaida hapotelei mbali. Huzunguka na kurudi karibu na pale alipokurupushwa, na mwindaji mzoefu husimama papo hapo akimngojea. Mbwa wa kienyeji wa Afrika Mashariki hutumia macho na pua pamoja. Katika misitu ya Kongo, wawindaji huwafunga mbwa aina ya basenji kengele za mti shingoni, kwa sababu mbwa hao hawana desturi ya kubweka na wangepotea machoni mwa wenyewe.

Kumfunza mbwa kunahitaji subira kuliko fimbo. Mtoto wa mbwa kwanza hufundishwa kuitika jina lake na kurudi anapoitwa. Asiyejua hilo hafai kufunguliwa kamba. Kisha hukokotwa ngozi ya sungura katika nyasi, na mbwa akaachiliwa aifuate njia ile kwa pua mpaka mwisho, ambako hukuta tuzo ya kipande cha nyama. Siku baada ya siku njia hurefushwa na kupindwa.

Masharti ya mafunzo hayo yanajulikana pia misikitini. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, wakaeleza nani aliyefunzwa: mbwa anayekwenda anapotumwa, anayesimama anapozuiwa, na asiyekula windo kabla ya bwana wake, tena awe ameyarudia hayo hadi yawe mazoea. Mahali alipouma huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nyama ya sungura yenyewe haina mzozo kwa Wasunni. Anas bin Malik alisimulia jinsi watu walivyomkimbiza sungura karibu na Makka hadi wakachoka, yeye akamkamata, na mapaja yakapelekwa kwa Mtume, naye akayapokea. Mashia Ithnaasheri hawamli, wala Waadventista.

Lakini ruhusa ya dini haiondoi katazo la serikali, na hapo ndipo vijana wengi hujikwaa. Mikindani ya leo imejaa nyumba hadi kwenye mikoko ya hori ya Tudor. Anayetaka pori humlazimu kuelekea Mazeras na Mariakani, na huko nako mbwa hawachagui. Mbwa aliyeachiliwa kwa sungura humkamata paa, au mbuzi wa mtu. Katika Msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420, mbwa na mitego vimehesabiwa miongoni mwa maangamizi ya wanyama wadogo.

Uingereza, iliyoleta nchini mtindo wa walowezi wa kuwinda kwa makundi ya mbwa, nayo imebadilika. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2004 na kuanza kutumika Februari 2005 katika England na Wales inakataza kumwinda sungura wa porini kwa mbwa. Yule wa mashimo bado anaruhusiwa, mwenye shamba akikubali, kwani huhesabiwa kuwa mharibifu wa mimea.

Mfugaji anayependa kuwaona mbwa wake wakikimbia bado anaweza kutumia ngozi ya sungura wa kufugwa katika uwanja ulio wazi, bila mnyama yeyote kuumizwa. Kumwachilia sungura hai ili araruliwe ni jambo jingine. Sura ya 360 ya sheria za Kenya inakataza kuwatesa wanyama, wa kufugwa wakiwemo. Na kabla ya mbwa kufunguliwa popote, sharti awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dalili za ugonjwa huo zikishaonekana karibu hakuna anayepona.