Joto la Turkana Humzuia Mdudu Mmoja wa Michungwa, Halimzuii wa Pili

Mkazi wa Kapedo, Lodwar au Kakuma anayetaka kupanda mchungwa, mlimau au mndimu hufikiria kwanza maji. Lakini kabla ya kununua mche, ni muhimu pia kuuliza: umetoka wapi?

Sababu ni ugonjwa unaofanya machungwa yabaki na rangi ya kijani hata yakikomaa. Majani huwa na mabaka ya manjano, matunda hubaki madogo, hupinda upande mmoja na huwa machungu. Mti hudhoofika mwaka hadi mwaka, na hakuna dawa ya kuuponya. Ugonjwa huu huletwa na bakteria, na bakteria hao hubebwa na wadudu wadogo wanaoruka, wenye urefu wa milimita 3 hadi 4, ambao hufyonza utomvu wa majani machanga.

Wadudu wawili, tabia mbili

Mdudu wa kwanza ni wa asili ya Afrika, Trioza erytreae. Yeye hupenda baridi na unyevu, kama wa maeneo ya milimani. Joto likipita nyuzi 32 na hewa ikiwa kavu, mayai na watoto wake hufa kwa wingi. Hata bakteria wa Afrika anayembeba hudhoofika kwenye joto kali. Lodwar iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la mchana hufika nyuzi 35 mara nyingi, na mvua ya mwaka ni kidogo. Kwa mdudu huyu, hali yetu ya hewa ni ukuta.

Mdudu wa pili ametoka Asia, Diaphorina citri. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba ameonekana Morogoro, Tanzania, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba yuko Kenya. Huyu hupenda joto, hasa la nyuzi 25 hadi 28, na baridi ya milimani ndiyo humzuia. Joto kali kupita kiasi humpunguza, lakini ameweza kuishi katika nchi za jangwa kama Oman na Saudia. Bakteria wa Asia naye huvumilia joto zaidi ya yule wa Afrika. Basi tusijidanganye kwamba jua la Turkana litatulinda.

Maji humfungulia mlango

Wadudu wote wawili hutaga mayai kwenye machipukizi laini tu. Mti usiopata maji hauchipui. Lakini shamba linalomwagiliwa kando ya Mto Turkwel huchipua hata wakati wa kiangazi, na kivuli cha miti hupunguza joto na ukavu. Palipo na majani mapya kila mara, mdudu ana chakula na mahali pa kuzalia.

Wadudu hawa si wa kuruka safari ndefu, bali hubebwa na watu. Njia kubwa ni miche, vikonyo vya kupandikizia, na matunda yanayosafirishwa yakiwa bado na majani. Zaidi ya hayo, mti ulioambukizwa unaweza kuonekana mzima kwa miezi mingi, kwa hiyo kuukagua kwa macho pekee hakutoshi.

Wakazi wanashauriwa:

- Nunueni miche kutoka vitalu vilivyosajiliwa, na muulize karatasi za ukaguzi.
- Msibebe miche au matawi ya michungwa, milimau au mindimu kutoka Pwani au nyanda za juu bila kukaguliwa. Mti wa majani ya kari pia humhifadhi mdudu wa Asia.
- Ondoeni majani kwenye matunda kabla ya kuyasafirisha.
- Kagueni machipukizi kila wiki. Vinundu juu ya jani na vishimo chini yake ni alama ya mdudu wa Afrika. Machipukizi yaliyojikunja yenye nyuzi nyeupe kama nta ni alama ya mdudu wa Asia.
- Mkiona alama hizi, msikate matawi na kuyapeleka kwingine. Mwiteni afisa wa kilimo wa wadi aje shambani.

Miti ya jamii ya machungwa bado ni michache katika kaunti yetu. Ni rahisi kuzuia mdudu asiingie sasa kuliko kung'oa miti baada ya miaka mitano ya kuimwagilia.